Asiyejua Chumvi Ilipo

Matokeo yamefika leo, baada ya miezi saba:
herufi nne tu, A na T na C na G,
zimetandazwa kurasa kwa kurasa
kama karafuu majamvini, Mtambile, msimu wa vuno.
Nazipekua kwa kidole, natafuta punje moja,
na punje hiyo haimo.

Nilimchimbua mwenyewe, kuvu huyu,
chini ya mkarafuu wa marehemu mama kule Kangagani,
mti alioupanda mwaka niliozaliwa.
Hana kofia wala shina kama uyoga wa kitoweo.
Ni nyuzi tu, nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
zimeingia mzizini na humo ndani zikachanua vitawi,
mti ndani ya mti.
Maelfu ya viini vyake hukaa nyumba moja isiyo na vyumba,
wala hatujawahi kumfumania na mwenzi.

Jeni za kutengeneza mafuta hana.
Nimeangalia mara tatu, nikidhani mashine imeruka ukurasa.
Hana. Za kuuvunja ukuta wa mti ili aule, karibu zote hana.
Kizazi kwa kizazi, kila alipoletewa chakula mlangoni,
alisahau kipande,
kama mtu anayesahau dua ya safari kwa kuwa hasafiri tena.

Yeye huleta fosfori kutoka pembe ambazo mzizi haufiki.
Mti humpa sukari, humpa mafuta.
Basi. Miaka milioni mia nne,
tangu mimea haijajua kuota mizizi
na yeye ndiye aliyekuwa mzizi.

Nampigia baba. Simu inaita.

Shaame Faki, mpima karafuu miaka thelathini,
aliyeweza kukwambia pishi imepungua kwa kuitazama tu,
wiki moja baada ya hitima ya mama
alisimama jikoni, sufuria mkononi,
akauliza mbele ya wageni: Chumvi hukaa wapi?
Shangazi Bikombo alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi niliona haya. Mtu mzima!
Nikaandika kwenye kopo kwa wino mzito: CHUMVI.
Sikujiuliza nani alimsomea mama barua zote,
nani alihesabu fedha zake za makonyo,
na kwa nini mama hakuvuka barabara ya Chake
mpaka kwanza autafute mkono wake.

Bado inaita.

Bwana shamba wetu alichemsha udongo ndani ya pipa
ili aue maradhi. Miche mia mbili.
Ikatoka safi, ikadumaa,
majani yakaingia uzambarau kama midomo ya mtu mwenye baridi.
Mama alikuwa na desturi tuliyoiita ushirikina:
kila mche mpya, kiganja kimoja cha udongo
kutoka chini ya mti mkubwa.
"Humpeleki mtoto ugenini bila jamaa."
Jeni hakuzijua. Mimi nazijua,
na wakati alipokuwepo sikumuuliza kitu.

Ripoti iko wazi mbele yangu, yataka neno.
Nimeandika: upotevu.
Nikafuta. Nikaandika tena, maana ndivyo ulivyo.
Undugu ni kufaana, husema watu, na gharama hawaitaji:
kila akufaaye hukupunguzia kitu
usichokijua mpaka siku ya sufuria.

Amepokea. Nyuma yake nasikia kitu kinakaangwa.
"Nimeunguza vitunguu," anasema, "lakini si vyote."
Halafu: "Pale chini ya mti wa mama yako,
ulichukua nini?"
Nyuzi, baba. Namweleza kidogo, kisha namweleza zaidi.
Ananyamaza mpaka nadhani simu imekatika.
"Mrudishe," anasema,
"ukishamaliza kumsoma."